Kamera ya Kupigia Picha Ndege Zirukapo

Bwana Mhariri wa sehemu ya Kiswahili amenitaka niwaandikie maneno machache juu ya kazi niipendayo, yaani kupiga picha za ndege zikiwa angani. Nimekubali kwa furaha, maana tangu nilipotoka shuleni wanafunzi wengi wameniuliza swali lile lile: "Kaka, mtu asiye na fedha nyingi anunue kamera gani?" Swali hilo ni jepesi kuuliza, lakini jibu lake halikuwekwa dirishani mwa duka. Basi nitawaelezeni jinsi nilivyolitafuta mimi mwenyewe, kwa hesabu, kwa shauri la mjomba wangu, na kwa fedha ambazo kwa kweli hazikuwa zangu peke yangu.

Sisi tuliokulia Entebbe twajua kwamba mji wetu umekaa juu ya rasi iliyoingia katika Ziwa Viktoria. Njia kubwa ya kurukia ndege ina urefu wa mita 3,658, nayo imelala karibu sawasawa na mstari wa kaskazini na kusini, hata ndege nyingi hupita juu ya maji kabla ya kutua au baada ya kuruka. Mtoto wa Entebbe hutambua ndege kwa mlio kabla hajaiona. Shirika la Ndege la Uganda lilipoanza tena safari zake mwaka 2019, lilileta ndege aina ya Bombardier CRJ900 zenye sura ya korongo wetu mkiani. Kisha ikaja Airbus A330-800, ya kwanza mwezi wa Desemba 2020, aina ambayo mashirika machache sana duniani yameinunua. Nilizitazama ndege hizo kwa macho matupu, na moyo wangu ukataka kuzihifadhi.

Nilipomaliza kidato cha sita nilipata kibarua cha kupima samaki na kuandika hesabu zao pale mwaloni. Kwa miezi minane niliweka akiba ya shilingi 1,500,000. Kwa tajiri hizo ni fedha za chakula cha siku mbili tatu. Kwa nyumba yetu zilikuwa mali. Mdogo wangu wa kike alikuwa karibu kuingia kidato cha tano, na mama yetu huuza samaki wa kukaanga. Kwa hiyo sikuthubutu kununua kitu chochote kabla ya kuzungumza na mjomba, kaka yake mama, ambaye kwa miaka mingi aliendesha lori kati ya Kampala na Mombasa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba wangu. Nasikia wataka kununua jicho la kutazamia ndege."

Nilimweleza haja yangu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Fedha ni zako, umezitolea jasho. Lakini Februari yaja. Karo ya mdogo wako ikipungua, chombo hicho kitauzwa. Basi usininunulie kitu ambacho siku ya kukiuza watu watakicheka. Nunua kama mtu anunuavyo lori: tazama injini, usitazame rangi."

Maneno hayo ndiyo yaliyoniongoza. Wengi hununua kamera wakifikiri siku ya kununua tu. Mimi nilipaswa kufikiri pia siku ya kuuza.

Nilikwenda Kampala nikaingia katika duka moja. Mwenye duka alinionyesha kamera mpya, nyepesi, iking'aa, pamoja na mkoba, kigoda cha miguu mitatu, kitambaa cha kufutia, na kioo cha kufungia mbele ya lenzi ambacho, kwa maneno yake, huongeza nguvu mara mbili. Vyote hivyo kwa shilingi 1,450,000. Lenzi yake ilikuwa ya milimita 18 hadi 55. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nami niliona kwamba vile vitu vidogo vidogo ndivyo vilivyokuwa vikiitembeza ile kamera. Nikamshukuru, nikarudi nyumbani, nikatoa kalamu na karatasi.

Hesabu yenyewe ni hii, nanyi mnaosoma hisabati mwaweza kuijaribu. Ndani ya kamera za Canon za aina hiyo kuna kibamba kinachopokea nuru, na upana wake ni kama milimita 22.3. Gawanya upana huo kwa urefu wa lenzi, kisha zidisha kwa umbali wa kitu; utapata upana wa mahali panapoingia katika picha. Lenzi ya milimita 55, kwa umbali wa mita 500, huonyesha upana wa mita 200 hivi. Ndege ya CRJ900 ina urefu wa mita 36. Basi katika picha hiyo ndege itachukua chini ya moja ya tano ya upana, na sehemu nyingine yote itakuwa mbingu tupu. Lakini lenzi ya milimita 250, kwa umbali ule ule, huonyesha upana wa mita 45 hivi. Hapo ndege hujaa vizuri, na nafasi kidogo hubaki mbele ya pua yake. Kanuni rahisi ya kukumbuka ni kwamba kwa lenzi ya milimita 250, kila mita 100 za umbali huleta upana wa mita 9.

Hesabu hiyo peke yake ilinionyesha kwamba kamera ya dukani, japokuwa mpya, haikuwa na kazi kwangu. Na kile kioo cha kufungia mbele hakikunidanganya. Vioo vya namna hiyo vya bei rahisi hukuza picha na kuitia ukungu papo hapo, hasa pembeni.

Jambo la pili ni wepesi wa kulenga. Ndege kubwa inapokaribia kutua huenda karibu kilomita 250 kwa saa, yaani mita 70 hivi kwa kila sekunde. Kamera inayositasita nusu sekunde tu imekwisha kuachwa mita 35. Kwa sababu hiyo nilizikataa zile lenzi za kioo cha ndani za milimita 500, ambazo huuzwa kwa bei ndogo. Nyingi hulengwa kwa mkono tu, na tundu lake la nuru halibadiliki. Nilizikataa pia zile kamera ndogo zenye lenzi ndefu isiyotoka. Hufika mbali, ni kweli, lakini kibamba chake cha nuru ni kidogo mno, na ya bei yangu niliyoijaribu ilikawia kulenga kitu kinachokimbia. Kwa kuku aliyelala zafaa sana.

Nikaanza kutafuta kamera iliyokwisha kutumika. Siku hizi viwanda vikubwa vimegeukia kamera zisizo na kioo cha kupinduka ndani, na wapiga picha wa harusi wanazifuata. Kwa hiyo zile kamera nzito za zamani, zilizokuwa za mafundi, zimeshuka bei bila kushuka kazi. Miongoni mwake nilichagua Canon EOS 7D, iliyotoka mwaka 2009. Hupiga picha 8 kwa sekunde moja na ina nukta 19 za kulengea. Lenzi niliyoitaka ilikuwa Canon ya milimita 55 hadi 250, ile ya mwaka 2013 yenye mota ya STM na kitulizo cha mtikisiko. Uzito wake ni gramu 375 tu, na picha zake ni safi kuliko bei yake inavyoahidi.

Wenye kupenda Nikon nawapa onyo moja. Kamera zake ndogo za namba D3000 na D5000 na zilizofuata katika jamaa hizo hazina mota ya kulengea ndani ya bodi. Ukizifungia lenzi ya zamani isiyo na mota yake yenyewe, utalenga kwa mkono maisha yako yote. Uliza kabla ya kutoa fedha.

Muuzaji wa 7D alikuwa mpiga picha wa harusi. Mjomba alifuatana nami, na swali lake la kwanza likawachekesha watu wote: "Imetembea maili ngapi?" Lakini lilikuwa swali la maana kuliko yote. Kila picha inapopigwa, shata hufunguka na kufungika, na shata huchoka. Ya 7D imetengenezwa kwa kadiri ya mara 150,000. Idadi hiyo haionekani wazi katika kamera hiyo. Ni lazima kuiunganisha na kompyuta yenye programu ya kuisoma. Tukaiunganisha, ikasema 41,000. Mjomba akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama aliyeona lori lililoendeshwa na mzee mpole.

Kisha tulifanya majaribio mengine, nami nawaandikia ili myatumie. Piga picha ya karatasi nyeupe au mbingu tupu kwa tundu dogo la f/22. Madoa meusi yakionekana, kuna vumbi juu ya kibamba. Vumbi husafishwa, lakini mikwaruzo haisafishwi. Angaza tochi ndani ya lenzi na utazame kwa upande wa pili. Ukiona nyuzi kama za utando wa buibui, hiyo ni kuvu, uiache lenzi hiyo hapo hapo. Lenga kitu cha karibu, kisha cha mbali, mara kumi, usikilize kama mota yakwaruza. Shikilia kitufe ili kamera ipige mfululizo, uone kama yakwama. Fungua mlango wa betri, utazame kama kuna kutu.

Bei ilikuwa hivi: bodi shilingi 750,000, lenzi, kwa mtu mwingine, 450,000, betri ya akiba 60,000, kadi ya kuhifadhia picha 40,000. Jumla shilingi 1,300,000. Zikabaki 200,000, nazo nilizikabidhi kwa mama. Sikununua mkoba. Niliweka kamera katika debe la plastiki lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokaa katika masanduku ya viatu vipya, maana hewa ya ziwani huzaa kuvu upesi.

Sasa nilikuwa na chombo, lakini chombo si ufundi. Bahati njema lugha yetu imewapa jina moja ndege wa manyoya na ndege ya bati, nami nilijifunza ya pili kwa wa kwanza. Ndege ya abiria hupita mara chache. Mwewe yupo kutwa nzima, wala hadai nauli. Kila asubuhi nilisimama pwani ya ziwa, miguu imepanuliwa kidogo, viwiko vimebana mbavuni, nikamfuata mwewe kwa kiuno, si kwa mikono. Siri ni kuanza kumfuata kabla ya kubonyeza, na kuendelea kumfuata baada ya kubonyeza, kama mtu atupaye jiwe asiyekatiza mkono njiani. Nilipoweza kumpata mwewe akigeuka, ndege ya abiria ilikuwa kama basi linalopita barabarani.

Yapo mambo mawili ya kuangalia zaidi. La kwanza ni mwendo wa shata. Kwa ndege ya jeti, tumia sehemu ya 1,000 ya sekunde au chini ya hapo, upate kila herufi ubavuni. Jua likiwa kali, ISO 400 na tundu la f/8 vyatosha kabisa, na lenzi za bei nafuu hupendeza zaidi kwa f/8. Lakini ukiipiga hivyo ndege yenye panga mbele, picha itaonyesha panga limesimama, kana kwamba injini imezimika na abiria wako hatarini! Ile Cessna Caravan inayobeba watalii, panga lake lina mapande matatu na huzunguka hadi mara 1,900 kwa dakika, yaani nyuzi 11,400 kwa sekunde. Kwa sehemu ya 1,000 ya sekunde panga husogea nyuzi 11 tu. Kwa sehemu ya 125 husogea nyuzi 91, robo ya duara, nalo huonekana kama kivuli chepesi cha mviringo. Hapo shusha ISO mpaka 100 na ufunge tundu mpaka f/14 hivi. Ndipo mazoezi ya mwewe yanapolipa, kwa sababu mkono usiotulia hauwezi sehemu ya 125.

La pili ni nuru. Kwa kuwa njia ya ndege zetu ni ya kaskazini na kusini, asubuhi simama upande wa mashariki, na jioni upande wa magharibi, ili jua liwe mgongoni mwako. Saa nzuri ni kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi, na saa kumi hadi kumi na mbili jioni. Mchana, hewa ya moto hupanda kutoka ardhini na kuzitetemesha picha za mbali, wala hakuna lenzi ya bei yoyote inayoweza kuituliza. Mtu mwenye lenzi ya mamilioni akisimama saa saba atashindwa na mwenye lenzi ya 450,000 aliyeamka mapema. Hilo lapasa kuwafurahisha maskini wote.

Tena, vijana, nawasihi sana: msipeleke kamera langoni wala uani mwa uwanja wa ndege bila ruhusa. Pale ni mahali pa ulinzi, na askari mwenye bunduki hana haja ya kujua kwamba wewe wapenda sanaa. Mimi nilikwenda kwanza kituoni kuuliza, nikaonywa nisielekeze kamera kwa askari, kwa ua, wala kwa ndege za jeshi. Nimeishika amri hiyo. Pwani ya watu wote yanitosha, na ndege ikiwa juu ya maji hupendeza kuliko ikiwa nyuma ya waya.

Mtauliza, je, kamera ililipa? Picha za ndege zilileta fedha kidogo. Kijana mmoja anayejifunza urubani Kajjansi alinunua mbili apeleke kwa wazazi wake, na wasafiri wachache walinunua nyingine. Kilicholeta zaidi ni ubatizo, mahafali na timu za mpira, kwa maana aliyezoea kumfuata mwewe hashindwi na mchezaji wa mpira.

Hata hivyo Februari ilifika kama mjomba alivyosema. Samaki walikuwa wameadimika, na karo ya mdogo wangu ilipungua kwa shilingi 600,000. Hapakuwa na mjadala mrefu, kwa kuwa ahadi ni deni. Nilichofikiri usiku ule ni kitu kimoja tu: niuze nini? Nikaiuza bodi, nikabaki na lenzi. Muuzaji mwingine wa harusi aliinunua kwa shilingi 680,000. Katika muda wa miezi kumi na mmoja, nilikuwa nimepoteza shilingi 70,000 peke yake. Mdogo wangu alikwenda shuleni siku ya kwanza na sanduku lake, na zile 80,000 zilizobaki zikanunua godoro na vitabu.

Mama alinihurumia, akaniona nikiipangusa lenzi isiyo na bodi. Lakini nilijua nilichokishika. Bodi za kamera huja na kupita kama wapangaji. Lenzi njema ni nyumba. Miezi mitano baadaye nilipata bodi ya zamani ya Canon EOS 60D. Haina wepesi wa ile ya kwanza, maana hupiga picha 5 tu kwa sekunde na nukta zake ni 9. Lakini lenzi ile ile iliingia mahali pake kwa mlio mmoja, nami kesho yake asubuhi nilikuwa pwani.

Basi jibu langu kwa wote walioniuliza ni hili. Kama fedha zako ni chache, sehemu ya kwanza ipe lenzi yenye kufika mbali, sehemu ya pili ipe bodi iliyotumika yenye kulenga upesi, na nyingine yote uilipe kwa kuamka mapema. Chagua kitu ambacho mtu mwingine atakitaka siku utakapokuwa na haja. Kamera mpya hupoteza thamani siku unapoitoa dukani. Iliyotumika vizuri imekwisha kuipoteza mikononi mwa mwingine, wala wewe hukulipia hasara hiyo.

Mdogo wangu sasa yu kidato cha sita, na ameniomba nimfundishe kushika kamera likizo ijayo. Nimemwambia aanze na mwewe.